Kwa nini bei ya kahawa yetu inapangwa New York? Ubepari ulivyobadilika katika miaka mia moja

Tulipokuwa tukizungumzia bei ya kahawa katika kipindi cha asubuhi, ujumbe mmoja wa simu ulinikwamisha. Msikilizaji aliandika hivi: "Mtangazaji, kahawa nimepanda mimi, nimepalilia mimi, nimechuma mimi. Kwa nini bei yake ipangwe New York?" Nilijibu hewani kwa dakika mbili, na kusema kweli jibu lile halikuniridhisha hata mimi mwenyewe. Swali ni fupi, lakini huwezi kulijibu bila kueleza ubepari ni kitu gani na umegeuka mara ngapi tangu enzi za babu zetu. Ndiyo maana tumeliandikia makala hii, uisome kwa nafasi yako, na kama una mzee nyumbani asiyeona vizuri, umsomee.

Tuanze na neno lenyewe. Ubepari ni mfumo wa uchumi ambamo mali za kuzalishia, yaani ardhi, mashine, viwanda, meli na fedha, zinamilikiwa na watu binafsi au makampuni, na vitu vinazalishwa ili viuzwe sokoni kwa faida. Wazazi wetu walilizoea neno hili kama tusi. Wakati wa Ujamaa lilitajwa redioni pamoja na mirija na unyonyaji, na picha ya bepari ilikuwa ya mtu mwenye kitambi. Hapa tunalitumia kama jina la mfumo tu. Wanaousifu na wanaoulaani wote wanakubali jambo moja, kwamba ubepari wa mwaka 1925 na huu wa leo hautambuani kirahisi.

Kiwanda cha Ford na kihamba cha Mchaga

Mwanzoni mwa karne iliyopita, moyo wa ubepari ulikuwa kiwanda. Mwaka 1913 huko Marekani, Henry Ford alianza kuunda magari kwa njia mpya: gari lilisogezwa mbele ya wafanyakazi waliopangwa kwa mstari, kila mmoja akifunga kipande chake kimoja tu. Kazi ya kuunganisha fremu ya gari iliyochukua zaidi ya saa 12 ikashuka hadi kama saa moja na nusu. Lakini kazi ile ilichosha akili, na watu waliacha kazi kila wiki. Januari 1914 Ford akatangaza malipo ya dola 5 kwa siku, karibu mara mbili ya yale ya awali, na akapunguza saa za kazi kutoka 9 hadi 8. Hakufanya hivyo kwa huruma. Alitaka watu wasiondoke. Hata hivyo matokeo yake yalikuwa makubwa: gari lililouzwa dola 850 mwaka 1908 lilishuka chini ya dola 300 kufikia katikati ya miaka ya 1920, na mfanyakazi wa kiwandani akaanza kuliota, hata kulinunua. Bepari aligundua kwamba mfanyakazi ni mteja pia.

Wakati huohuo, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Wachaga walikuwa wakipanda mibuni katikati ya migomba. Mbegu zilikuja na wamisionari, na baada ya Vita vya Kwanza mkuu wa wilaya Mwingereza, Charles Dundas, akawahimiza wenyeji walime. Walowezi wa Kizungu hawakupenda hata kidogo. Walidai mashamba ya Waafrika yangeeneza magonjwa na wadudu, na walitaka kilimo hicho kizuiwe. Kisingizio kilikuwa wadudu, lakini hofu yao kubwa ilikuwa kwamba mtu mwenye kahawa yake hatakwenda kuwa kibarua kwa mwingine. Jirani zetu wa Kenya walizuiwa kweli, na wengi wao hawakuruhusiwa kupanda kahawa hadi miaka ya 1950.

Mwaka 1925 wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao, KNPA, Joseph Merinyo akiwa kiongozi wake wa kwanza, ili wapige dawa pamoja, wauze pamoja na kulinda haki yao ya kulima. Mwaka 1933 mahali pake pakachukuliwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika ambacho wengi mnakijua hadi leo. Kwa hiyo anayekuambia kwamba ubepari ulitukuta tumekaa tu, mwambie hajui historia. Babu zetu waliingia sokoni kwa macho mawili, wakaunda na chombo cha kujitetea humohumo.

Mwaka kahawa ilipochomwa moto

Oktoba 1929 soko la hisa la New York lilianguka. Hisa ni kipande cha umiliki wa kampuni, na miaka ile watu walikuwa wakinunua hisa kwa mikopo, wakiamini bei haitashuka kamwe. Iliposhuka, benki zilifungwa, viwanda vikafunga milango, na kufikia mwaka 1933 karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne huko Marekani hakuwa na kazi. Mtu asiye na kazi hanunui kahawa. Bei ya kahawa duniani ilianguka hadi chini ya nusu ya ile ya awali.

Brazil, mzalishaji mkubwa kuliko wote, ilifanya jambo ambalo hadi leo nikilisimulia watu hudhani natania. Kuanzia mwaka 1931 serikali yake ilianza kuteketeza kahawa. Ilichomwa moto, ikamwagwa baharini, nyingine ikatumika kama kuni kwenye treni. Hadi mwaka 1944 yalikuwa yameteketezwa magunia yapatayo milioni 78 ya kilo 60 kila moja. Lengo lilikuwa kupunguza kahawa sokoni ili bei ipande. Na kutokana na kahawa ileile iliyokosa wanunuzi, kampuni ya Nestlé ya Uswisi iliombwa na Wabrazil itafute njia ya kuihifadhi. Mwaka 1938 ikatoa kahawa ya unga inayoyeyuka kwenye maji ya moto, Nescafé, ile iliyo dukani kwako leo.

Huku Kilimanjaro bei ndogo ilileta hasira. Sheria ya kikoloni ilimlazimisha mkulima auze kupitia KNCU peke yake, na mwaka 1937 zikatokea ghasia, baadhi ya maghala ya vyama yakaharibiwa. Wakulima hawakujua soko la hisa ni nini. Walichojua ni kwamba kilo zilikuwa zilezile na fedha zimepungua.

Serikali zilipoingia sokoni

Mdororo ule uliwatisha matajiri wenyewe. Mchumi Mwingereza John Maynard Keynes alieleza kwamba soko likiachwa peke yake linaweza kubaki limelala muda mrefu, na kwamba serikali inapaswa kutumia fedha ili watu wapate kazi na waanze kununua tena. Marekani chini ya Rais Franklin Roosevelt ilianzisha mafao ya uzeeni mwaka 1935, na mwaka huohuo ikalinda kwa sheria haki ya kuunda vyama vya wafanyakazi. Uingereza ilianzisha matibabu ya bure kwa wote mwaka 1948. Kodi kwa matajiri wakubwa wa Marekani ilifika asilimia 91 katika miaka ya 1950, kwa sehemu ya juu kabisa ya mapato yao. Ndiyo, umesoma sawasawa.

Julai 1944, mataifa 44 yalikutana Bretton Woods, Marekani, yakaunda Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, na Benki ya Dunia. Dola ikafungwa kwenye dhahabu kwa kiwango cha dola 35 kwa wakia moja, na fedha nyingine zikafungwa kwenye dola. Mitaji haikuruhusiwa kukimbia hovyo kutoka nchi moja hadi nyingine.

Kahawa nayo iliwekewa utaratibu. Mwaka 1962 nchi zinazozalisha na zinazokunywa zilitia saini Makubaliano ya Kimataifa ya Kahawa. Kila nchi inayouza ilipewa mgao wake. Bei ikishuka sana, migao ilipunguzwa ili kahawa iwe chache sokoni. Ikipanda sana, migao iliachiwa. Kwa nini wanywaji wakubwa, Wamarekani, wakubali kulipa zaidi? Waliogopa Ukomunisti. Cuba ilikuwa imefanya mapinduzi mwaka 1959, na Marekani haikutaka mamilioni ya wakulima wa kahawa wa Amerika ya Kusini na ya Kati wafilisike, wakafuata njia hiyohiyo. Mkulima wa Kagera, Mbinga au Kilimanjaro alinufaika na hofu ya watu wasiomjua.

Katika miaka ya 1980 makubaliano hayo yalikusudia bei ikae kati ya dola 1.20 na 1.40 kwa ratili, yaani kipimo kinachokaribia nusu kilo. Nasisitiza bei hiyo ilikuwa ya soko la dunia. Kilichomfikia mkulima kilikuwa kitu kingine. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali yetu ilitaifisha benki na makampuni makubwa, na mwaka 1976 ikavunja vyama vikuu vya ushirika, KNCU kikiwamo. Kazi yao ikapewa mamlaka za mazao. Mwaka 1975 baridi kali iliua mibuni ya Brazil, na mwaka 1977 bei ya dunia ikavuka dola 3 kwa ratili, kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana. Waulize wazee wa kijijini kwenu kama walioga katika neema ile. Sehemu kubwa ilibaki njiani, kwenye kodi na gharama za mamlaka. Vyama vikuu vilirudishwa mwaka 1984, lakini vilirudi vikiwa dhaifu, na madeni juu.

Soko likaachiwa

Mambo matatu yaliubomoa utaratibu ule. La kwanza, Agosti 1971 Rais Richard Nixon aliifungua dola kutoka kwenye dhahabu, na thamani za fedha zikaanza kupanda na kushuka zenyewe. La pili, bei ya mafuta ya petroli ilipanda mara nne kati ya mwaka 1973 na 1974, ikaleta mfumuko wa bei na ukosefu wa kazi kwa pamoja, jambo ambalo wafuasi wa Keynes walishindwa kulieleza vizuri. La tatu ni mawazo. Mwaka 1970 mchumi Milton Friedman aliandika kwamba wajibu wa kampuni kwa jamii ni kuongeza faida yake. Margaret Thatcher alipoingia madarakani Uingereza mwaka 1979, na Ronald Reagan Marekani mwaka 1981, mawazo hayo yakawa sera. Mashirika ya umma yakauzwa. Kodi ya juu kabisa ya mapato Marekani ikashuka hadi asilimia 28 kufikia mwaka 1988. Mwaka 1981 Reagan aliwafukuza waongozaji ndege zaidi ya 11,000 waliogoma, na vyama vya wafanyakazi vikaelewa kwamba zama zimebadilika.

Kuna badiliko jingine ambalo halina kiongozi wala hotuba, nalo ni kontena. Aprili 1956 meli moja iliondoka bandari ya Newark, Marekani, ikiwa na makasha 58 ya chuma. Kabla ya hapo mizigo ilipakiwa gunia kwa gunia, mgongoni mwa makuli, na meli ilikaa bandarini siku nyingi. Kontena lilipunguza gharama kiasi kwamba kampuni ingeweza kushona shati Bangladesh, ikalifungia kifungo kutoka China na kuliuza Ujerumani. Kiwanda cha Ford kilikuwa mahali pamoja, chenye geti na king'ora. Kiwanda cha leo kimetawanyika duniani, na mwenye jina kwenye nembo mara nyingi hamiliki hata mashine moja.

Kwetu upepo huo ulifika kupitia IMF. Mwaka 1986, Rais Ali Hassan Mwinyi akiwa madarakani, Tanzania ilikubaliana na shirika hilo masharti ya kulegeza uchumi, na enzi ya ruksa ikaanza. Mitumba, redio za kaseti na sabuni zilirudi madukani. Nani alikataa sabuni? Lakini ruzuku za mbolea na dawa za mimea ziliondolewa hatua kwa hatua, na msimu wa 1994/95 wafanyabiashara binafsi wakaruhusiwa kununua kahawa vijijini. Mkulima aliwapenda kwa sababu walilipa taslimu papo hapo. Ushirika uliokuwa ukimkopesha dawa na kumkata wakati wa mavuno ulipoteza uhakika wa kurudishiwa deni, kwa kuwa kahawa ile ingeweza kuuzwa kwa mwingine.

Kabla ya hapo, Julai 1989, migao ya Makubaliano ya Kahawa ilisimamishwa. Vita Baridi vilikuwa vikiisha, Marekani haikuona tena sababu ya kuyabeba, na Brazil haikutaka kupunguziwa mgao wake. Bei ilishuka karibu nusu ndani ya muda mfupi. Kisha Vietnam, iliyofungua uchumi wake tangu 1986, ikapanda robusta kwa kasi hadi ikawa ya pili duniani kwa uzalishaji mwanzoni mwa karne hii. Mwaka 2001 bei ya arabika ilianguka chini ya senti 50 kwa ratili.

Mwaka ule nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Nakumbuka bibi yangu akisimama kihambani na panga, akikata mibuni ya babu mmoja baada ya mwingine ili apate nafasi ya mahindi na nyanya. Hakusema neno. Baba mdogo aliacha shule kidato cha pili kwa kukosa ada, akaenda Dar es Salaam kuuza maji, na hakurudi kulima. Nilipokuja kusoma utangazaji ndipo nilipokutana na mwaka 1989 kwenye kitabu, nikauunganisha na lile panga.

Bei inapangwaje hasa

Sasa tulijibu lile swali. New York ina soko la kahawa tangu mwaka 1882. Kinachouzwa pale si magunia. Ni mikataba ya kahawa itakayokabidhiwa miezi ijayo. Mkataba mmoja wa arabika ni ratili 37,500, yaani kama kilo 17,000. Robusta ina soko lake London, ambako bei hutajwa kwa tani. Ndiyo maana wasikilizaji wa Kagera na wa Kilimanjaro hawafuati namba moja.

Mikataba hiyo ilianzishwa kwa sababu nzuri. Mkaangaji wa kahawa anataka ajue leo atalipa kiasi gani mwezi wa tisa, na muuzaji anataka ajue atapata kiasi gani. Wanakubaliana mapema na kupunguza hofu. Lakini baada ya soko la fedha kuachiwa huru, waliingia watu wasio na haja na kahawa hata punje: mifuko ya uwekezaji, benki, na siku hizi kompyuta zinazonunua na kuuza kwa sekunde. Mikataba mingi huisha bila gunia lolote kuhama. Hilo nalo ni badiliko kubwa la ubepari wa karne moja. Zamani faida kubwa ilitoka kwenye kutengeneza kitu. Siku hizi sehemu kubwa inatoka kwenye kubahatisha bei ya kitu. Septemba 2008 benki ya Lehman Brothers ilipofilisika, ilibainika kwamba michezo ya namna hiyo kwenye mikopo ya nyumba inaweza kuangusha uchumi wa dunia nzima. Safari hii serikali hazikungoja miaka. Ziliziokoa benki kwa fedha za walipa kodi.

Hebu tupige hesabu. Tuseme redio imetangaza kwamba New York arabika ni dola 3 kwa ratili. Zidisha kwa 2.2, unapata dola 6.60 kwa kilo ya kahawa safi, yaani iliyokwisha kukobolewa. Wewe unauza kahawa ya maganda, na kilo moja ya maganda hutoa takribani gramu 800 za kahawa safi. Kwa hiyo kilo yako inalingana na dola 5.28. Zidisha na thamani ya dola kwa shilingi siku hiyo. Hapo utoe usafirishaji, ukoboaji, makato ya chama, ushuru na faida ya mnunuzi. Daraja la kahawa yako linaweza kuongeza au kupunguza. Ukiona tofauti ni kubwa mno, una haki ya kumwomba karani akuoneshe makato hayo moja moja, na uulize kwenye mkutano mkuu wa chama, si kilabuni.

Upande wa pili wa safari hiyo nao umebadilika. Wakaangaji na wenye majina wamekuwa wachache na wakubwa. Mwaka 2018 Nestlé ililipa zaidi ya dola bilioni 7 ili ipate haki ya kuuza madukani kahawa yenye jina la Starbucks. Haikununua shamba, wala kiwanda, wala mgahawa. Ilinunua haki ya kutumia jina. Mnywaji wa ulaya anapolipia kikombe mgahawani, analipia pango, mishahara, maziwa, jina na viti, na punje zenyewe ni sehemu ndogo. Kuna waliojaribu njia nyingine. Mwaka 1988 Uholanzi ilianzisha nembo ya biashara ya haki, inayoweka bei ya chini isiyoshuka na nyongeza kwa ajili ya chama, na KNCU ni miongoni mwa vyama vilivyouza kupitia utaratibu huo. Ulisaidia bei ilipokuwa mbaya, ingawa ni sehemu tu ya kahawa ya chama inayopata mnunuzi huko.

Februari 2025 bei ya New York ilivuka dola 4 kwa ratili baada ya ukame Brazil. Wale waliokata mibuni walisikiliza habari hiyo redioni kama sisi sote. Mbuni mpya unahitaji miaka mitatu au zaidi kabla ya kuchumwa vizuri, na hakuna mkataba wa New York unaoweza kukuhakikishia bei ya wakati huo.

Jambo jipya linalokuja linahusu simu uliyoshika. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 sheria inayotaka kahawa inayoingia huko ithibitishwe kwamba haikulimwa kwenye msitu uliokatwa baada ya mwisho wa mwaka 2020, na shamba lake lijulikane kwa vipimo vya setilaiti. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini upimaji umeanza sehemu mbalimbali. Mtu akija kihambani na simu kuchukua vipimo, mwulize ametumwa na chama au na mnunuzi, na vipimo vyako vitatunzwa na nani. Kama mnunuzi mmoja tu ndiye anavyo, kahawa yako inaweza kuwa na njia moja tu ya kufika Ulaya. Kuhusu hilo tutaendelea kuzungumza kwenye kipindi cha asubuhi, na aliyetuma lile swali la New York, asante, tuma jingine.